Ngoma Juu ya Wimbo wa Huzuni

Katika baa na arusi za Bukavu, toka Ibanda mpaka Kadutu, siku hizi husikika nyimbo ambazo twazijua na hatuzijui. Sauti ni ya mwimbaji yule yule wa zamani, lakini mwendo umeharakishwa, na chini yake yapigwa ngoma nzito ya amapiano, ile iliyotoka Afrika Kusini. Ni kazi ya madijei. Kompyuta huweza kuukaza mwendo wa wimbo bila kuipandisha sauti. Santuri haikuweza, maana ukiizungusha upesi mtu mzima huimba kama mtoto. Mtunzi hakuombwa ruhusa, na mara nyingi hata jina lake halitajwi.

Wako wanaosema huo ni uharibifu mtupu. Sisi hatusemi hivyo. Rumba yenyewe yaonyesha kwamba huzuni na kucheza hukaa nyumba moja. Mwimbaji hueleza kwanza shida yake polepole, kisha magitaa huingia katika sebene, na watu husimama. Zaïko Langa Langa, kundi lililoanza Kinshasa mwaka 1969, liliacha tarumbeta na kuirefusha sebene. Hata hivyo maneno yalitangulia. Aliyecheza alikuwa amekwisha kusikia.

Hapo ndipo madijei wengi wanapokosa. Tuseme mmoja achukue “Mokolo Nakokufa” ya Tabu Ley Rochereau, wimbo wa miaka ya 1960 ambamo maskini na tajiri, kila mmoja kwa zamu yake, huwaza siku ya kufa kwake. Akikata kipande kimoja na kukirudia dakika sita juu ya ngoma, kitabaki nini? Maskini ametolewa, tajiri ametolewa. Imebaki sauti tamu isiyosema neno. Katika mji kama wetu, uliozika watu wengi tangu vita vya 1996, wimbo unaojua kufiwa si pambo la baa.

Kazi hii yaweza kufanywa vizuri. Mwaka 1987 Suzanne Vega wa Marekani alitoa “Tom's Diner” bila chombo hata kimoja: mtu yu peke yake mgahawani, asubuhi ya mvua. Mwaka 1990 Waingereza wawili waliojiita DNA wakaitilia ngoma bila ruhusa. Wenye santuri wangaliweza kushtaki. Badala yake waliinunua kazi hiyo, wakaitoa kwa majina yote mawili, ikafika nafasi ya pili katika Uingereza. Ngoma ile haina haraka, na hadithi yasikika. Kwetu sisi upweke wa yule mtu hata umezidi, kwa kuwa sasa watu wacheza pande zote naye hachezi.

Basi dijei wa Kadutu akituuliza, tungemwomba aache ubeti mmoja mzima kabla ya kuingiza ngoma yake, na alitaje jina la mtunzi katika kipaza sauti. Wachezaji watangoja. Sebene waliingoja.