Miji Mitatu kwa Siku Moja

Mwongoza watalii na mfasiri ni watu wa kazi moja. Kila mmoja huwachukua wasioijua lugha ya mahali, akawavusha, na akawaamulia wapi wasimame na wapi wapite tu. Kwa hiyo safari ya kuongozwa yafaa kuhakikiwa kama tunavyohakiki tafsiri: kipi kimevushwa, na kipi kimeachwa ng'ambo?

Safari ninayoizungumzia ni ile wanayopenda sana wageni wa Toscana, nchini Italia: kuondoka Firenze saa 2 asubuhi, kuzuru Monteriggioni, San Gimignano na Siena, na kurejea usiku ukiingia. Niliifuata kwa sababu moja. Kwa miaka mingi nimejifundisha Kitaliano ili nimsome Dante Alighieri, na vilima hivyo vimo ndani ya Komedia yake.

Monteriggioni tulipewa dakika 40. Ni kijiji kilichozungushiwa ukuta wenye minara 14, uliojengwa na watu wa Siena mwanzoni mwa karne ya 13 ili kujikinga na Firenze. Mwongozaji wetu, kijana mwenye elimu na sauti nzuri, alitueleza kuwa Dante aliifananisha minara hiyo na majitu yaliyolizunguka shimo la Jehanamu. Alisema kweli. Ambalo hakulisema ni kwamba baadaye minara hiyo ilipunguzwa kimo. Basi mgeni huitazama ilivyo mifupi, akadhani mshairi alitia chumvi.

San Gimignano aliuita Manhattan ya zama za kati, na simu zote zikainuliwa kupiga picha. Hii ndiyo tafsiri ninayoiogopa: humpa msomaji kitu anachokijua tayari, ili asisumbuke kukijua kipya. Inasimuliwa kuwa mji ulikuwa na minara 72. Leo imesalia kama 14. Ilijengwa na koo zilizotajirika kwa biashara, ya zafarani ikiwamo, kila ukoo ukitaka kuupita mwengine kwa kimo na kwa vitisho. Kisha ikaja tauni ya mwaka 1348, na haukupita muda mrefu mji ukawa chini ya Firenze. Ulipofukarika, haukuwa na nguvu ya kubomoa ya kale na kujenga mapya. Uzuri tunaousifu ni kovu. Dante mwenyewe alifika hapo mwaka 1300, mjumbe wa Firenze, akazungumza mbele ya wakuu wa mji. Ukumbi unaobeba jina lake tulipita chini yake tukiwa na aiskrimu mikononi.

Siena, sitaki kumdhulumu kijana yule. Alitusimamisha chini ya ukuta mkubwa wa kanisa kuu ambalo watu wa Siena walianza kulipanua mwaka 1339, wakitaka liwe kubwa kupita yote, na ambalo tauni ililikatiza. Alitaja mwaka, kisha akanyamaza kwa muda. Sijapata kusikia tafsiri bora kuliko ule unyamavu.

Lakini katika uwanja wa Campo tulilitazama jumba la serikali kwa nje tu. Ndani mwake mna michoro ya Ambrogio Lorenzetti ya mwaka 1338 na 1339 kuhusu utawala mwema na utawala mbaya, na chini ya michoro hiyo pameandikwa mashairi kwa lugha ya watu wa kawaida, si kwa Kilatini, ili raia na watawala wasome. Mji ulioandika siasa yake kwa shairi ukutani! Wapenzi wa ushairi tulikuwamo kundini, nasi hatukuambiwa.

Tulilipita pia jumba la jamaa ya Tolomei, ambayo kwa mapokeo ndiyo jamaa ya Pia, mwanamke anayekutana na Dante katika Toharani. Wafafanuzi wa kale wanasema aliuawa kwa amri ya mumewe. Kisa chake chote kimo katika mishororo 7. Hamlaani mtu. Anamwomba mshairi amkumbuke atakaporudi duniani, na kabla ya ombi hilo anamtakia apumzike kwanza kutokana na urefu wa njia.

Hapa sina budi kukiri. Nilipoifasiri sehemu hiyo nilijifunga kwa mizani 11, ambayo si ngeni kwetu, maana kisarambe nacho kina 11. Nilizifuata tathlitha zake, ambamo kina cha mshororo wa kati huzaa vina vya ubeti unaofuata. Maneno yetu ni marefu kuliko yake, palinibana. Nikayatupa yale ya mapumziko, nikiyaona ni adabu tu za mazungumzo, na nikalibakisha ombi.

Usiku ule ndani ya basi wenzetu wengi walikuwa wamelala. Jirani yangu alinionyesha picha ya mnara kwenye simu yake akaniuliza ni mji gani. Sikuweza kumjibu kwa hakika. Hapo ndipo nilipomwelewa Pia. Anajua kuwa msafiri aliyechoka hakumbuki mtu. Mapumziko ni sharti la kumbukumbu. Safari yetu ilikuwa imevusha karibu kila kitu isipokuwa hilo, na mimi nilikuwa nimefanya kosa lile lile mezani kwangu, bila mwenye basi wala saa ya kurudi.

Kwa anayekwenda, ushauri wangu ni mfupi: chagua mji mmoja, ulale humo. Nami nimeuvunja ubeti wangu na kuyarudisha mapumziko ya Pia mahali pake. Umezidi mshororo mmoja. Wenye kuhesabu watauona, na nimeuacha uzidi.