Mkono Unaojua Pa Kukomea

Mgonjwa wa ini akifika hospitali ya misheni ya Mukumu, kama kwingineko, kazi huanza kwa vidole. Daktari huviweka chini ya mbavu za kulia, humwambia avute pumzi, kisha hungoja ini limshukie mkononi. Likija gumu, lenye vinundu, safari ya hospitali kubwa, Kakamega na pengine Eldoret, imeanza.

Wachache miongoni mwa wagonjwa hao hufika kwa daktari mpasuaji, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Ini limejaa damu. Karibu lita moja na nusu hupita humo kila dakika. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow alionyesha kwamba mishipa inayoliingia ikibanwa, damu hupungua. Hadi leo mpasuaji hubana kwa dakika 15 hivi, huachia kidogo, hubana tena. Hukata akifuata ramani ya sehemu 8 aliyoichora Mfaransa Claude Couinaud, na kila kimshipa anachokikuta hukifunga kwanza ndipo asonge. Muda wote anawaza kitakachobaki. Ini lenye afya hukua tena hata likibaki theluthi. Lililojaa makovu halina uwezo huo.

Saratani ya ini ikihama, mara nyingi huenda mapafuni. Hapo wengi hutibiwa kwa dawa. Kisu ni cha wachache mno: saratani iliyo kwenye ini imedhibitiwa, ugonjwa haupo kwingine, vinundu ni vichache, na pumzi inatosha. Pafu hutolewa hewa likanywea, naye mpasuaji hulipapasa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta punje ngumu ambayo huenda picha haikuionyesha. Akiipata, huimega pamoja na ukingo mdogo wa nyama nzima. Hazidishi.

Wapo wanaodhani ustadi huu ni ujasiri wa kukata. Mimi namheshimu zaidi anayeketi na familia, akawaambia kwamba kisu hakitamfaa mama yao, akaeleza sababu, wala asiwakimbie baada ya hapo.

Kwetu saratani ya ini hutokana sana na virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumu ya ukungu kwenye mahindi na njugu. Watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya virusi hivyo wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mpeleke mwanao akamilishe chanjo zote tatu. Nawe kapimwe, na mahindi yasiyokauka vizuri usiyatie ghalani.