Asanteni, Wasomaji wa Miswada

Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell inastahili pongezi kwa jambo ambalo wengi hulipita: inapokea hata miswada. Mwandishi halazimiki kumpata mchapishaji kwanza, wala kuwa na jina. Ndivyo Anna Samwel Manyanza alivyoshinda mwaka 2015 kwa riwaya yake, Penzi la Damu. Baadaye tuzo hiyohiyo ikamtangaza kwetu Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar na riwaya yake, Mungu Hakopeshwi.

Kabla ya kazi mpya kama hizo, sisi wapenzi wa riwaya za kifamilia tulikwisha zoea kurudia zilezile. Ukimaliza Utengano ya Said Ahmed Mohamed, unaianza upya. Si vibaya. Maksuudi, mheshimiwa nje na dhalimu ndani, bado anatuchemsha damu. Na binti yake, Maimuna, anapotoroka nyumbani, hujui umshangilie au umlilie. Lakini kiu yetu haikatwi na kitabu kimoja.

Na ili tupate vingine, kazi ngumu wanayo majaji wa tuzo. Mswada wa mtu asiyejulikana unaweza kuwa na makosa ya tahajia na sura mbili za mwanzo zinazojikokota, kabla hujafika pale mama anapotakiwa kuchagua kati ya kumficha mwanawe na kusema kweli kwa polisi. Mhariri mwenye haraka (na nani hana haraka siku hizi?) angekwisha kuurudisha. Fedha za tuzo ni nzuri, sikatai. Ila mimi namshukuru zaidi jaji aliyevumilia mpaka sura ya tatu.