Kumngoja Kereng'ende

Wapiga picha wengi wanaopita Bunda hawasimami. Wanawahi lango la Ndabaka, waingie Serengeti, wakamtafute simba. Siwalaumu, simba anapendeza. Ila simba hulala mchana kutwa. Ukimkuta chini ya mti una nusu saa nzima ya kuchagua upande wa kumpiga. Mnyama anayempa mpiga picha wa mkoa wa Mara kazi ya kweli yuko nje ya hifadhi, hana kiingilio, na anaweza kutua kwenye ncha ya kidole chako. Nawasema nyuki, dondora, nzi wa maua na kereng'ende. Na ninaotaka kuwasifu ni wale wanaowapiga picha kwa karibu bila kulipwa na mtu yeyote, kundi ambalo nami nimo.

Mwitongo, pale Butiama, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wageni huja kwa ajili ya kaburi la Mwalimu na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, wakapiga picha za ukumbusho, wakaondoka. Pembeni yao kuna majabali, na jua likishayapasha, majabali hayo yana wakazi: pimbi wanaoota jua, mijusi, na wadudu wasiohesabika. Ukipiga magoti na kamera yako mbele ya jiwe, usishangae mama mwenye jembe akisimama na kukuuliza, "Umepoteza nini hapo, baba?" Ukimjibu kwamba unampiga picha mdudu, atacheka. Kisha atainama naye aone.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye hesabu. Ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya mwili wake iwe milimita moja kwenye kitambuzi cha kamera, basi sehemu inayotoka wazi, kutoka mbele hadi nyuma, haizidi sana milimita moja, hata tundu la lenzi likibanwa hadi f/11. Jicho likiwa wazi, bawa limeingia ukungu. Ukilibana tundu zaidi, mwanga unapungua, na picha nzima inaanza kulegea, kwa kuwa mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Wakati huohuo nyuki anapiga mabawa kiasi cha mara 230 kwa sekunde. Sehemu moja ya elfu ya sekunde, inayotosha kabisa kumgandisha mchezaji wa mpira hewani, kwa bawa la nyuki ni uvivu. Nawe unapumua, na pumzi peke yake inakusogeza zaidi ya ile milimita yako.

Juu ya hayo, mdudu anakuona. Taa inayowaka na kuzimika mara 60 kwa sekunde, macho yetu huiona imewaka moja kwa moja. Nzi hutofautisha mwako na mwako hata ikifika mara 200 na zaidi. Mkono unaoudhani wa haraka, kwake unakuja polepole, na ana muda wa kuamua aondokee upande gani.

Kasi ya bawa lenyewe hunaswa kwa mwanga, si kwa shata. Lucien Bull alilijua hilo mapema. Mwaka 1904, kule Paris, alipiga picha za wadudu wakiruka akitumia cheche za umeme. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Stephen Dalton alikuta flashi za dukani ni za polepole mno kwa kazi aliyoitaka, zikaundwa nyingine zinazowaka kwa sehemu moja tu ya 25,000 ya sekunde, pamoja na mtambo ambao mdudu mwenyewe aliufyatua kwa kuukata mwale wa mwanga. Kitabu chake, Borne on the Wind, kilitoka mwaka 1975. Miaka miwili baadaye, zilipochaguliwa picha za kubebwa na vyombo vya Voyager kwenda nje ya mfumo wa jua, mojawapo ilikuwa yake: mdudu anaruka kwenye maua. Kama yupo atakayeiokota huko na akadhani dunia hii ni ya wadudu, hatakuwa amekosea sana.

Leo flashi ndogo ya kawaida inatosha. Ukiipunguza nguvu hadi mwisho, unakuwa umeufupisha muda wake wa kuwaka, na huo ufupi ndio unaoutaka. Weka karatasi nyeupe mbele yake, la sivyo mgongo wa dondora utatoa doa jeupe na hutaona kitu. Lenzi kuukuu ya milimita 50, ikigeuzwa nyuma mbele kwa pete ya bei nafuu, inakuza vya kutosha. Mwenye simu anabandika kilenzi chake na kuanza. Vifaa, kwa kweli, ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni kujua ratiba ya mtu mwingine. Mchukue kereng'ende. Majaribio yameonyesha kwamba anapowinda hukosa chini ya mara moja katika kila mara kumi, kwa sababu hamfukuzi mdudu kwa nyuma; anakwenda pale atakapokuwa. Mpiga picha naye hana njia nyingine. Ukimkimbilia kwa lenzi, umeshachelewa. Lakini madume wengi wana kituo, kijiti kimoja juu ya maji au pembe moja ya jiwe, na dume akiruka kumvamia mpinzani au kukamata mbu, anarudi palepale. Basi wewe lielekeze jicho la kamera kwenye kijiti kitupu, nyamaza, ngoja. Jua likipanda sana ataanza kuinua mkia kuelekea juu, ili jua limguse mahali padogo, na hapo hukaa kwa muda mrefu kidogo. Alfajiri ni bora zaidi. Butiama iko juu kuliko ufuko wa Musoma, asubuhi zake zina baridi, na mdudu asiyeota jua bado hawezi kuruka. Unamkuta na umande kwenye mabawa, anakutazama, hana la kufanya.

Wapo wanaoupata ubaridi huo kwa kumtia mdudu kwenye friji, kisha wanampanga juu ya ua. Picha hutoka safi, na mimi huziona za uongo. Miguu ya mdudu aliyepoozwa haishiki jani, imelala tu juu yake. Ukishaijua alama hiyo huwezi tena kuacha kuiona.

Yuko pia kereng'ende asiye na kituo, yule wa rangi ya manjano ambaye wataalamu humwita Pantala flavescens. Huja na mvua, na mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alitoa hoja kwamba makundi yake huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldives mpaka Afrika Mashariki. Mtu aliyevuka bahari hatakutulia kwenye kijiti cha Butiama mchana. Yeye subiri jioni, umtafute ananing'inia chini ya tawi.

Uvumilivu huu una faida hata kwa sayansi. Mwaka 2015 Dijkstra, Kipping na Mézière walitangaza kwa mkupuo mmoja aina 60 mpya za kereng'ende wa Afrika, wengi wao wakiwa wa rangi za wazi kiasi cha kutambulika hata kwa picha tu. Hawakuwa wamejificha popote. Walikuwa wakiruka mchana kweupe. Na huko Kenya, Mark Deeble na Victoria Stone walipiga kambi zaidi ya miaka miwili karibu na mkuyu mmoja, wakatengeneza filamu ya The Queen of Trees, iliyotoka mwaka 2005, kuhusu nyigu wadogo mno wanaoingia ndani ya kuyu kutaga mayai. Mikuyu si migeni kwetu Mara. Tumekula kivuli chake tangu utotoni bila kumjua nyigu huyo.

Kuna viumbe ambao ratiba yao inajulikana na kila mtu. Vijidudu vya ziwani, ambavyo mara nyingi huibuka karibu na mwezi mchanga, husimama juu ya maji mbele ya Musoma kama nguzo za moshi, na hapo huhitaji kumlenga yeyote. Na mvua zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, wanaruka kidogo, wanatua, na baada ya muda mfupi mabawa yamekwisha kudondoka. Mpiga picha ana dakika chache tu za kuwapata hewani, naye hayuko peke yake: watoto wamefika na beseni, na shangazi yao anataka kujua kama hiyo taa yako ina kazi au wanaweza kuiazima.