Sifa za Mwandishi wa Kitabu cha Rejea

Kijana ajifunzaye uprogramu pale Didia, baina ya Tinde na mji wa Shinyanga, aghalabu hana jirani wa kumwuliza pindi programu yake itoapo jawabu asilolitazamia. Na maadamu intaneti humjia leo ikampotea kesho, mwalimu wake wa kudumu ni kitabu cha rejea cha lugha ya programu anayojifunza, kilichopakuliwa chote na kuhifadhiwa katika kompyuta. Waandishi wa vitabu hivi hawasifiwi, kwani msomaji huwaendea akiwa na dhiki na kuwaacha mara imwondokeapo. Nami naona wanastahiki sifa kuliko wengi watungao kwa kupendeza.

Tazama kugawanya tu. Katika lugha ya Python, ukigawanya saba hasi kwa mbili kwa alama ya mikwaju miwili, utapata nne hasi, kwa kuwa kitabu kimeamuru jawabu lishuke hadi namba nzima iliyo chini yake. Ilhali katika lugha ya C, kiwango cha 1989 kiliwaachia watengenezaji wa kompaila hiari yao, hata kile cha 1999 kilipokata shauri kwamba desimali itupwe na jawabu liwe tatu hasi. Kabla ya hapo, programu moja iliweza kutoa majawabu mawili katika mashine mbili, wala pasiwe na mkosa. Mizani ya mnunuzi wa dhahabu wa Geita ikipotoka kidogo, jicho halioni, lakini mchimbaji hupunjwa kila auzapo. Na neno moja legevu katika rejea huwapunja watu wasiohesabika namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo naupenda unyofu wa Guido van Rossum, muasisi wa Python, aliyekiri mwanzoni mwa rejea yake kwamba, isipokuwa katika sarufi, amechagua maneno ya kawaida badala ya kanuni rasmi, na kwamba atakayetaka kuijenga lugha hiyo upya kwa kitabu hicho peke yake huenda akalazimika kukisia baadhi ya mambo.

Kazi nzito zaidi ni kuihuisha rejea kila lugha ibadilikapo. Python 3 ilipotoka Desemba 2008, saba kugawanywa kwa mbili kwa mkwaju mmoja, ambako kulikuwa kukitoa tatu, kukawa kunatoa tatu na nusu. Mtunzaji mwenye ikhlasi haandiki jipya akanyamaza, bali hutaja toleo ambalo jambo lilibadilika, akaiacha rejea ya zamani ipatikane kwa wenye mashine za zamani. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na rejea yake ingali inasomeka.

Basi, enyi walimu wa Shinyanga na Geita, kabla hamjamkosoa mwanafunzi, linganisheni kwanza namba ya toleo iliyo katika kitabu na ile iliyo katika mashine yake.