Kabla ya Kukilaumu Kioo: Uchambuzi wa Ufungaji na Utunzaji wa Monita ya Kompyuta ya Mezani

Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa monita ya kompyuta ya mezani, kama vile maandishi yenye ukungu, rangi zilizopauka au picha iliyotanuka, hayatokani na ubovu wa kioo, bali hutokana na kutoelewana kati ya vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya mmoja. Fundi anayekimbilia kubadilisha monita kabla ya kuchunguza waya na mipangilio huenda akamwingiza mteja katika gharama ya kununua kifaa kipya kitakachoonyesha kasoro ileile.

Picha ya monita bapa hujengwa kwa nukta ndogo zilizopangwa kwa safu, ziitwazo pikseli, ambazo idadi yake huamuliwa kiwandani na haiwezi kubadilishwa. Monita ya kawaida ya inchi 24 huwa na pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani pikseli 2,073,600 kwa jumla, na kila moja imegawanywa katika vijisehemu vitatu vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Monita za zamani za chogo zilichora picha kwa miale ya elektroni, hivyo ziliweza kupokea vipimo mbalimbali vya picha bila athari kubwa, ilhali monita bapa ina kipimo kimoja tu kinachoikaa barabara. Vipimo vingine vyote ni vya kukadiria.

Ili kompyuta ikijue kipimo hicho, monita hujitambulisha yenyewe. Ndani yake mna chipu ndogo ya kumbukumbu yenye taarifa zinazojulikana kwa jina la EDID, ambazo muundo wake uliwekwa na VESA, shirika linalosimamia viwango vya vifaa vya kuonyeshea picha. Sehemu ya msingi ya taarifa hizo ina baiti 128 pekee, lakini ndani ya nafasi hiyo finyu zimo alama ya mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa kioo kwa sentimita na, jambo lililo muhimu kuliko yote, kipimo cha picha ambacho monita inakipendelea. Baiti ya mwisho huwekwa makusudi ili jumla ya baiti zote 128 igawanyike kwa 256 bila kubakisha kitu, na jumla ikikataa, kompyuta hutambua kwamba ujumbe umeharibika njiani. Chipu hiyo hupata umeme wa volti 5 kutoka kwa kompyuta kupitia waya wa picha, na ndiyo maana kwa kawaida huweza kusomwa hata kama swichi ya monita haijawashwa.

Hapo ndipo waya hafifu unapoleta balaa. Kiunganishi cha VGA, kilicholetwa na kampuni ya IBM mwaka 1987 na ambacho bado kimo katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, kina nafasi za pini 15. Kwa utaratibu uliokuja baadaye, pini ya 12 na ya 15 ndizo zinazobeba taarifa za EDID. Waya wa bei ya chini ambao haukuunganishwa pini hizo, au ambao pini yake mojawapo imepinda, hupitisha picha kama kawaida lakini hukata utambulisho, na kompyuta isiyojua inazungumza na nani hurudi kwenye kipimo cha tahadhari, mara nyingi 1024 kwa 768. Kipimo hicho kikitandazwa juu ya kioo cha 1920 kwa 1080, kila duara hugeuka yai ambalo upana wake unazidi urefu kwa theluthi moja. Dalili hiyo peke yake inatosha kumwelekeza fundi kwenye waya, ambao bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya monita.

Hata pale ambapo uwiano wa pande umehifadhiwa, ukungu hauepukiki iwapo kipimo si kile cha asili. Picha ya 1280 kwa 720 ikikuzwa ili ijaze kioo cha 1920 kwa 1080, kila pikseli ya picha hudai nafasi ya pikseli moja na nusu ya kioo, na kwa kuwa nusu ya pikseli haipo, mguu mweusi wa herufi "l" hulazimika kuwa na ukanda mmoja mweusi na mwingine wa kijivu ubavuni mwake. Macho huusoma ukanda huo wa kijivu kama ukungu. Mtumiaji anayepunguza kipimo cha picha kwa sababu maandishi ni madogo hujinyima ubora alioulipia. Njia sahihi ni kuacha kipimo cha asili na kuongeza ukubwa wa maandishi kwa asilimia katika mipangilio ya kompyuta, ili herufi zichorwe upya kwa pikseli nyingi zaidi badala ya kuvutwa.

Waya wa HDMI nao una kasoro yake, iliyorithiwa kutoka katika televisheni. Katika utaratibu wa kompyuta, kila rangi hupewa ngazi kuanzia 0, ambayo ni giza kamili, hadi 255, ambayo ni mwangaza kamili, lakini utaratibu wa televisheni hutumia ngazi 16 hadi 235. Kompyuta ikidhani imeunganishwa na televisheni, hutuma ngazi hizo finyu, na monita inayosubiri ngazi kamili huonyesha weusi ulioparara na weupe uliofifia. Kinyume chake kikitokea, sehemu zenye kivuli humezwa na giza. Hakuna kiasi cha kuchezea vitufe vya mwangaza kitakachoponya hali hiyo, kwa kuwa tiba yake ni kulinganisha mpangilio huo katika pande zote mbili. Toleo la HDMI nalo lina uzito: toleo la 1.4 hupitisha picha ya 3840 kwa 2160 mara 30 tu kwa sekunde, na ni toleo la 2.0, la mwaka 2013, lililofikisha mara 60, tofauti ambayo mtumiaji huiona mara tu kishale cha kipanya kinapoanza kusuasua.

Kuhusu mwangaza, monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kung'aa kuliko inavyohitajika ndani ya chumba. Kipimo cha mwangaza wa kioo huitwa kandela kwa mita ya mraba. Monita za ofisi hufika takribani 250, ilhali mfumo wa rangi wa sRGB, uliopendekezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft, ulichukulia kandela 80 kuwa kiwango cha rejea. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kushika karatasi nyeupe kando ya ukurasa mtupu uliofunguliwa kwenye kioo, kisha kupunguza au kuongeza mwangaza mpaka weupe wa pande mbili ukaribiane. Kuhusu mahali pa kuiweka, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma ya mtumiaji.

Utunzaji unahitaji kuelewa kwamba sehemu ya mbele ya monita nyingi, licha ya kuitwa kioo, si kioo. Kinachoguswa na kidole ni utando wa plastiki uitwao polaraiza, unaoruhusu mwanga wa mwelekeo mmoja tu kupita, na juu yake mna vijiparuzo vidogo sana vya kutawanya mwako wa taa. Nyuma ya utando huo, vioo viwili vyembamba vimebana tabaka la fuwele kioevu lenye unene wa mikroni chache, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, asetoni, tishu na gazeti, vitu ambavyo kioo cha dirisha huvistahimili bila shida, huuharibu utando huo na kuuachia mabaka yasiyofutika. Kidole kinachokandamiza nacho hubadilisha unene wa tabaka la fuwele, na mawimbi ya rangi yanayotokea hapo ni ushahidi wa kutosha kwamba nguvu imezidi.

Monita huzimwa kwanza na kuachwa ipoe, kisha vumbi huondolewa kwa kitambaa laini kikavu cha nyuzi ndogo, na alama za mafuta hufutwa kwa kitambaa hichohicho kilichotiwa unyevu kidogo wa maji yaliyotoneshwa, yaani maji yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa uwe maji tena ili kuondoa chumvi. Maji hayanyunyizwi moja kwa moja kwenye kioo, kwa sababu tone linaloteremka hunyonywa na upenyo wa ukingo wa chini, na kandokando ya kioo ndiko ziliko chipu zinazoendesha safu za pikseli. Mstari mwembamba wa rangi unaokatiza kioo na kukataa kuondoka mara nyingi huwa matokeo ya uharibifu wa eneo hilo, na ukarabati wake ni nadra kustahili gharama.

Kwa upande wa umeme, lebo ya monita nyingi husomeka volti 100 hadi 240, maana yake ni kwamba kushuka kwa volti hakuisumbui sana. Hatari iko katika mruko wa ghafla wakati umeme unaporejea baada ya kukatika, hivyo kifaa cha kuzuia mruko, au kuchomoa plagi tu, kuna faida kuliko stabilaiza. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Zanzibar kuna jambo jingine la kuzingatia: monita inayotolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa kwenye hewa ya joto na unyevu hufanya umande ndani na nje, na umande wa ndani hauonekani wala haufutiki kwa kitambaa, kwa hiyo huachwa bila kuunganishwa na umeme kwa saa kadhaa mpaka ipate joto la mahali ilipo.