Fremu ya Bomba Yatua Tandala: Mbao Zina Kesi ya Kujibu

Aisee, nimeinyanyua kwa mkono mmoja! Fremu ya banda la kinyonga, kimo sentimita 120, upana 60, kina 60, nimeitoa karakanani hadi uani bila kumwita mtu. Banda la ukubwa huo likiwa la mbao mbichi za msindano linataka watu wawili, na mmoja wao atalalamikia mgongo mpaka jioni.

Na mambo haya yanatokea Tandala! Makete hii hii, nchi ya misindano, ambako malori ya mbao yanateremka kuelekea Njombe na Makambako. Kumletea mtu wa huku fremu ya plastiki ni kama kuuza samaki wa kopo ufukweni Matema. Lakini fundi bomba aliyeitengeneza hana wasiwasi hata kidogo, na baada ya kuipindua, kuimwagia maji na kuitikisa kwa nguvu zangu zote, nimeelewa kwa nini.

Kinyonga hana mazoea ya kunywa maji kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyoning'inia kwenye majani, hivyo banda lake hunyunyiziwa maji kila siku, tena na tena. Mbao inayanywa hayo maji. Inavimba, mlango unagoma kufunga, ukungu unaingia kwenye maungio, na ukungu ukichanganyika na hewa nzito, mapafu ya mnyama ndiyo yanayolipa. Plastiki hainywi chochote. Nimeimwagia maji, nikaipangusa kwa kitambaa, ikawa kavu kama ilivyotoka dukani!

Sasa njoo uone kona, maana utamu wote uko hapo. Kona ya banda inapokea bomba tatu: moja inaenda kulia, moja inaenda nyuma, moja inashuka chini. Kiungio cha njia tatu za namna hiyo si kifaa cha fundi wa maji. Yeye anafanya kazi na elbo na tii. Basi fundi wetu ameziunganisha. Juu kabisa ameweka elbo, inayoshika bomba la mbele na nguzo. Chini yake, kwa kipande kifupi tu cha bomba, ameweka tii, na mdomo wake wa ubavuni unashika bomba la pembeni. Matokeo yake bomba za pembeni zinakaa chini kidogo kuliko za mbele na za nyuma. Ukiangalia haraka utadhani fremu imepinda. Haijapinda! Unachofanya ni kukata wavu wa pembeni ukiwa mrefu zaidi, uupandishe hadi ufunike ule mwanya, kwa sababu kinyonga mchanga hahitaji nafasi kubwa ya kutorokea.

Hesabu yake pia inapendeza. Bomba moja lina mita 6. Fremu nzima inakula kama mita 9 na nusu, kwa hiyo unanunua mbili, elbo nane, tii nane, na mabaki yanatosha mlango wa sentimita 45 kwa 45 wenye elbo zake nne. Chukua bomba la maji la robo tatu ya inchi. Zile nyeupe nyembamba za kupitishia nyaya za umeme ziache, zinayumba.

Gundi ya bomba inataka heshima. Haigandishi juu juu. Inayeyusha ngozi ya plastiki pande zote mbili, zikawa kitu kimoja, tena kwa sekunde chache. Unasukuma, unazungusha robo mzunguko, unashikilia, imekwisha. Hakuna kurudi nyuma! Ndiyo maana uamuzi nilioupenda kuliko yote katika fremu hii ni kwamba gundi imepakwa kwenye mraba wa juu na wa chini tu. Nguzo nne zimechomekwa kavu na kushikwa na skrubu moja moja. Unafungua skrubu, fremu inalala, unaifunga nyuma ya bodaboda na safari inaanza. Subiri tu harufu ya gundi iishe kabisa kabla ya kumwingiza mnyama.

Na matengenezo, jamani! Nguzo imepasuka katikati? Kata sehemu mbovu kwa msumeno wa chuma, laini ncha kwa msasa, weka kipande kipya na soketi mbili. Kuna ujanja hapa: soketi ina ukingo mdogo ndani, katikati, unaozuia bomba lisipite. Ukwangue kwa tupa uishe. Hapo soketi inateleza yote juu ya bomba, unaweka kipande mahali pake, unairudisha ifunike kiungo. Seremala angekutaka ubomoe upande mzima.

Kasoro zipo. Plastiki hii huanza kulegea ikikaribia nyuzi joto 80, kwa hiyo taa ya joto isisogezwe karibu na bomba la juu, hata baridi ya Julai ikituma watu kufanya hivyo. Jua la miaka linaidhoofisha, na asubuhi ya sakitu ikipigwa kwa nguvu inapasuka upesi. Bomba za chini nazo zinahitaji tundu dogo la kutolea maji, na fremu niliyoiona haikuwa nayo. Dakika moja ya kutoboa, lakini ilipaswa kufanywa.

Umuhimu wa unyevu kwa viumbe wa milima yetu tunaujua toka bonde la Mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko mwaka 2000, zilitandazwa bomba za kunyunyizia ili vyura wa bonde lile wapate ukungu wao. Hata hivyo mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na waliozalishwa Marekani wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010.

Banda la Tandala, kwa sasa, ni tupu. Mwenyewe anasubiri kibali, na nampongeza. Milima ya Ukinga ina kinyonga wake asiye na pembe, Trioceros incornutus, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1932. Wengi wanamwogopa, wachache wanamtamani, na makundi yote mawili yanatakiwa kumwacha mtini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kabla ya kumfuga mnyama wa porini, na kinyonga yumo.

Kwa kinyonga, naipa tisa kwa kumi. Kwa kobe, ipunguzie: atasukuma wavu wa chini mpaka uachie. Kwa nyoka, hapana kabisa. Atasugua pua kwenye wavu hadi ajeruhi mdomo. Huyo mpelekee seremala akutengenezee sanduku. Wengine, nendeni duka la vifaa vya bomba na mkumbuke tupa.